Mlango Tuuweke Wapi, Mwalimu?

Swali hili niliulizwa na fundi. Alikuwa amesimama ndani ya banda la gari lililo ubavuni mwa nyumba yangu hapa Dar es Salaam, kipande cha chaki mkononi, akisubiri nimwelekeze achore alama kwenye ukuta upi. Banda hilo, ambalo sote nyumbani tunaliita gereji ingawa halijapata kutengenezewa gari, lilikuwa limegeuka ghala la viti vilivyovunjika, magodoro ya zamani na maboksi ya karatasi za mitihani. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeamua kuligeuza chumba cha kupangisha, na kwa kuwa tunaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuoni, tulijua mpangaji wetu angekuwa mwanafunzi. Hesabu ya saruji tulikuwa nayo, na hesabu ya rangi pia. Suala la mlango hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Nilimjibu bila kusita: "Nyuma, fundi. Upande wa uani."

Makala haya yanaeleza kwa nini jibu lile lilikuwa baya, na kwa nini lilinijia upesi kiasi kile. Naamini jibu hilohilo ndilo lililojenga vyumba vingi vya kupanga katika mji huu, na wanaolipia gharama yake ni watu ambao hawakuwapo fundi alipouliza.

Nianze na kuta zenyewe. Ukuta wa kulia wa gereji yetu umeungana na jiko letu. Ukuta wa kushoto uko hatua moja tu kutoka kwenye uzio wa jirani. Hizo mbili hazikuwa na mjadala. Zikabaki mbili. Mbele ni mdomo wa gereji unaotazama geti: uwazi wa karibu mita mbili na nusu, ambao juu yake tayari imelala linta ya zege yenye nondo. Nyuma ni ukuta mzima wa matofali unaotazama uani, penye kamba za kuanikia nguo, mlango wa jiko, na mtungi wa gesi uliosimama karibu na mlango huo.

Fundi, ambaye hana shahada lakini anaijua kazi yake kuliko wengi wetu tunavyozijua zetu, alinitazama kwa mshangao wa adabu. "Dokta, mbele ni rahisi," alisema. Linta ipo. Kinachotakiwa ni kujenga matofali kuziba sehemu ya uwazi, kuacha nafasi ya fremu ya mlango wa sentimita 90, na kuweka dirisha pembeni yake. Kutoboa nyuma ni kazi nyingine kabisa. Ukuta unaobeba paa lazima kwanza uegemezwe kwa miti, matofali yakatwe, linta mpya imwagwe ikiwa imekalia ukuta angalau sentimita 15 kila upande, kisha isubiriwe ikomae ndipo miti iondolewe. Na baada ya yote hayo, mdomo wa mbele ungekuwa bado unadai kuzibwa.

Mbele palikuwa na kasoro moja, naye aliitaja mwenyewe. Sakafu ya gereji kwa kawaida huwa chini kuliko sakafu ya nyumba, na huinamishwa kuelekea nje ili maji yatokayo kwenye gari yasituame ndani. Mvua za masika zikijaa uwanjani, maji huweza kurudi ndani kupitia mdomo huo. Lakini dawa yake inajulikana: sakafu ipandishwe kwa zege mpaka usawa wa nyumba, kizingiti kiinuliwe, na mtaro mdogo uchimbwe mbele yake. Kazi hiyo ingelazimu kufanyika hata mlango ungekuwa nyuma, kwa sababu binadamu hawezi kulazwa kwenye sakafu iliyojengwa kwa ajili ya matairi.

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Nilikuwa tayari kulipa fedha zaidi, na kusubiri siku zaidi, ili mlango uwe mahali pabaya zaidi. Mtu akifanya hivyo lazima aulizwe fedha hiyo ya ziada inanunua nini.

Nilipojihoji kwa unyoofu niligundua kwamba nilikuwa nanunua vitu viwili. Cha kwanza ni kutoonekana. Sikutaka wageni wangu, hasa wenzangu wa kazini, waingie getini na kukuta mlango wa pili ukiwa sambamba na mlango wa sebule yangu, wakajua kwamba Dokta fulani anapangisha. Hiyo ni aibu ya kitabaka, na inachekesha kwa mtu anayefundisha darasani kwamba kazi na kipato halali si aibu. Cha pili ni udhibiti. Mlango wa uani ungemlazimu mpangaji apite ubavuni mwa dirisha letu, mbele ya jiko letu, chini ya macho yetu, kila atokapo na kila aingiapo. Tungejua anarudi saa ngapi na anarudi na nani. Udhibiti huo sikuuita udhibiti. Niliuita usalama, kama tuuitavyo wote.

Neno hilo lilinikumbusha jambo ambalo ningependa kulisahau. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuja ofisini kuomba radhi kwa kukosa jaribio la asubuhi. Alikuwa amepanga chumba ambacho zamani kilikuwa gereji. Mlango wake ulifungukia uani kwa mwenye nyumba, na njia ya kuufikia ilikuwa moja tu, geti, ambalo ufunguo wake alikuwa nao mwenye nyumba peke yake. Saa nne usiku geti hufungwa. Siku hiyo binti alibaki maktaba akijisomea kwa ajili ya jaribio langu mimi, kisha akakosa daladala. Alifika saa nne na nusu. Aligonga, akapiga simu, akagonga tena. Hakufunguliwa. Alikesha kwenye kibaraza cha duka la dawa, karibu na mlinzi mzee aliyempa kiti na kanga ya kujifunika. Kodi ya miezi sita alikwisha kuilipa. Ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mkobani usiku kucha.

Nilimwonea huruma, nikamruhusu kurudia jaribio, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Sikujiuliza ni nani aliyeuweka mlango ule pale. Sasa nimepata jibu. Aliuweka mtu kama mimi, mwenye familia, mwenye kuheshimika mtaani, aliyemwambia fundi wake bila kusita: nyuma, upande wa uani.

Katika lugha yetu mtu hupiga hodi kwa watu. Hodi ni adabu ya kuingia kwa mwingine. Kwako huingii kwa hodi. Lakini mpangaji ambaye mlango wake umefichwa nyuma ya mlango wa mwingine analazimika kupiga hodi ili afike kwake. Analipa kodi ya pango, ananunua umeme wake, anafagia chumba chake, na bado ni mgeni. Mpango wa nyumba umekwisha kuamua hivyo kabla yeye hajatia saini chochote.

Kuna atakayesema kwamba huu ndio utamaduni wetu, kwamba Mswahili hupangisha ndani ya uzio wake na mpangaji hufuata taratibu za mwenye nyumba. Hoja hiyo nilimpelekea Mama, ambaye alipanga Ilala akiwa kijana, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Wasomaji wengi mnaijua nyumba hiyo: kibaraza mbele, mlango mmoja mkubwa, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko na choo. Mama hakuipamba. Alinieleza ugomvi wa zamu za kufagia, mkaa uliokuwa ukipungua usiku, na maneno makali ya mwenye nyumba kodi ilipochelewa. Lakini nilipomuuliza nani alikuwa akifunga mlango wa mbele, alinishangaa. "Aliyeingia mwisho," alisema. "Nani mwingine? Unawezaje kukomea kabla hujajua nani yuko nje?"

Jibu hilo linatosha kuiangusha hoja ya utamaduni. Katika nyumba ile mwenye nyumba na mpangaji walipita mlango mmoja, mbele, panapoonekana, na komeo lilikuwa mkononi mwa aliyechelewa. Aliyekuwa nje alihesabiwa. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kwamba mtu fulani, kwa kuwa saa imepita, si wa nyumba hii tena.

Basi "nyuma" yangu ilitoka wapi, kama haikutoka kwa Mama? Ilitoka Uzunguni. Mji huu uligawanywa na wakoloni kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila eneo lilipewa namna yake ya kujenga. Nyumba za Oysterbay zilijengewa Wazungu, zenye bustani mbele na banda la gari pembeni. Nyuma, mbali na macho ya wageni, palikuwa na chumba cha boi. Bwana aliingia mbele. Mpishi, dobi na mtunza bustani waliingia nyuma, na hawakuulizwa wanapenda mlango wao uwe wapi. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulirithi nyumba hizo, kisha ramani zake zikatuingia vichwani. Tulibadilisha jina la anayelala mbele. Mlango wa nyuma tuliuacha ulipokuwa. Leo nyuma hulala msaidizi wa kazi za nyumbani, ndugu aliyetoka kijijini, au mwanafunzi aliyelipa kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo.

Sasa niigeukie Serikali, kwani miongoni mwenu mnaonisoma wapo wanaokaa kwenye meza zake. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Mabweni yaliyozinduliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Aprili 2017 yana nafasi 3,840. Yalikuwa hatua njema, lakini wanafunzi wa chuo hicho ni wengi mara kadhaa kuliko nafasi hizo, na vyuo katika mji huu ni vingi. Waliobaki wanaishi katika magereji, mabanda na stoo za watu wa tabaka langu, kuanzia Sinza na Mwenge hadi Makongo na Changanyikeni. Sisi ndio bweni lisilo rasmi la taifa. Je, ni nani anayelikagua bweni hilo?

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inamtaka anayeendeleza kiwanja au kubadili matumizi yake apate kibali cha mamlaka ya upangaji. Vema. Nilipokwenda katika ofisi moja kuulizia kibali changu, niliulizwa ukubwa wa kiwanja, hati, michoro na stakabadhi. Hakuna aliyeniuliza atakayelala humo atatokaje moto ukiwaka usiku. Ile sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa chumba kimoja amebaki na mkataba wake, kama anao, na huruma ya mwenye nyumba, kama ipo. Lakini Serikali hiyohiyo ilipotaka kodi ya majengo, ilijua namna ya kuufikia kila mlango. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Mita yake inaonekana kutoka hazina, ila mlango wake hauonekani hata kutoka ofisi ya mtaa.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na maskani yake. Sijaona mahali panaposema kwamba haki hiyo ni ya mwenye hati ya kiwanja peke yake. Chumba cha kupanga ni maskani. Ukiweka mlango wake mahali ambapo mwenye chumba hawezi kuufikia bila ruhusa yako, umekuwa mlinzi wa haki ambayo si yako kuigawa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nilijipa yote. Wapo watakaosema, "Wezi je?" Mwizi hazuiwi kwa kumfungia nje mtu anayeishi ndani. Huzuiwa kwa kitasa kizuri, taa ya nje na majirani wanaofahamiana. Mpangaji mwenye ufunguo wake ana sababu zilezile ulizonazo za kufunga geti. Vitu vyake viko humo pia.

"Faragha ya familia je?" Hii ni hoja nzito zaidi, nami nina wazazi na watoto nyumbani. Lakini ni mlango wa uani hasa unaoivunja faragha, maana humpitisha mgeni penye nguo zinazoanikwa na akina mama wanaopika. Wahenga wetu wa pwani walilijua hili. Nyumba za mawe za Lamu zina daka mlangoni, na njia ya kuingilia hukatwa kona, ili anayepita nje asione uwani hata mlango ukiwa wazi. Faragha ilipatikana kwa kupinda njia, na hakuna aliyenyang'anywa ufunguo. Kwetu ilitosha kuusogeza mlango wa chumba mpaka mwisho wa mdomo wa gereji, mbali na mlango wa sebule, na kupanda mistari miwili ya maua katikati.

Kisha kuna jambo ambalo halina upande wa pili. Madirisha yetu ya mjini yana nondo. Chumba cha namna hii kikiwaka moto, au kikijaa moshi kutoka jirani yake, pa kutokea ni mlangoni tu. Mimi nilikuwa nataka kuuweka mlango huo wa pekee hatua chache kutoka kwenye mtungi wa gesi. Fundi aliponionyesha hilo kwa kidole, bila kusema neno, niliona haya.

Tukauweka mbele. Linta ile ya zamani inabeba mlango na dirisha. Ukuta wa nyuma tuliufungua sehemu ndogo juu kwa dirisha jembamba ili upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sakafu imepandishwa, kizingiti kimeinuliwa, na mbele ya mlango kuna kibaraza kidogo cha mtu kuvulia viatu na kukaa jioni. Mpangaji ana funguo mbili: wa chumba na wa mlango mdogo wa geti. Kazi nzima iligharimu pungufu ya ile niliyokuwa nimeikusudia. Wageni wanaukuta mlango huo na wanajua kwamba napangisha, na hakuna aliyenipungukia heshima kwa hilo.

Sisemi kwamba nimetenda wema. Nilikaribia kutenda ubaya na fundi akanichelewesha. Ninachodai ni kwamba mambo haya yasiachwe yategemee bahati ya kupata fundi mwenye busara. Ninyi mlio katika halmashauri, ongezeni swali moja mnapotoa vibali: je, atakayekaa katika chumba hiki anaweza kutoka na kuingia saa yoyote bila kupita ndani ya makazi ya mwingine na bila kumwamsha mtu? Ninyi wanaharakati mnaopigania sheria mpya ya upangaji, andikeni humo haki ya ufunguo kabla ya kuandika kiwango cha kodi. Na ninyi wanafunzi wangu, kabla ya kuhesabu kodi ya miezi sita mbele ya mwenye nyumba, msiulize maji na umeme tu. Ulizeni ufunguo wa geti ni wa nani. Akisita kujibu, hicho alichowaonyesha si chumba cha kupanga.

Kwa wenzangu tulio na magereji, nina ombi dogo. Fundi akikuuliza mlango auweke wapi, usimjibu palepale. Nenda kasimame nje ya geti lako saa nne na nusu usiku, huku ufunguo wa chumba ukiwa mfukoni, halafu urudi umjibu.